Bastola kwenye gari: usiiweke chini ya kiti

Ndugu, nimekuelewa: una bastola yenye kibali, unatoka kazini usiku peke yako, na unauliza uiweke chini ya kiti au kwenye droo ya dashibodi. Kwangu mimi, kote ni kubaya. Chini ya kiti, ukipiga breki ya ghafla inateleza hadi kwenye pedali. Kwenye droo, mwizi akivunja kioo ukiwa haupo, ameshajipatia silaha. Ikae mwilini, ndani ya ala (mfuko wa bastola) ngumu inayofunika kifyatulio, mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda. Hilo ukalifanyie mazoezi kwa mkufunzi, bastola ikiwa haina risasi.

Lakini kinga yako ya kwanza ni gari lenyewe. Funga milango. Kwenye foleni, simama mahali unapoona matairi ya gari la mbele yakigusa lami. Hapo una nafasi ya kukata usukani na kuondoka. Wanyang'anyi wakitaka gari tu, waachie. Ukiwa na mtoto ndani, mtoe kwanza.

Tafadhali usijikinge nyuma ya mlango, risasi hupenya bati lile. Chenye uwezo wa kuizuia ni injini. Tena risasi ikipita kwenye kioo cha mbele hubadili mwelekeo, ikampata asiyehusika.

Mwizi akishakimbia, usifyatue. Sehemu nyingi sheria haihesabu hiyo kuwa kujihami. Muulize wakili mapema, pamoja na masharti ya kubeba silaha yenye risasi garini.