Kipi utoe nje, kipi ubaki nacho

Umesema oda za nguo zimekuzidi, na hujui kazi gani umpe mtu wa nje: hesabu, matangazo au kujibu wateja. Anza na hesabu. Mtunza hesabu wa kulipwa kwa saa atamaliza asubuhi moja kile kinachokunyima usingizi wewe, ila nenosiri la benki usimpe; taarifa ya akaunti inamtosha.

Matangazo, nusunusu. Picha na mabango mpe fundi wake, lakini kurasa za biashara zifunguliwe kwa jina na namba yako. Hapa ndipo wengi hulia: wakikosana na wakala, ukurasa na wafuasi wote vinabaki kwake. Na kabla hujalipia tangazo lolote, muulize kila mteja mpya, "Umetujuaje?" Andika jibu daftarini. Ukiona wengi wameletwa na wateja wa zamani, hela ya tangazo igeuze punguzo kwa anayekuletea mwenzake.

Kujibu wateja baki nako mwenyewe kwa sasa, hata kama kunachosha (na kunachosha kweli). Malalamiko ya mikono kubana au zipu kukatika ndiyo yanayokuonyesha pa kurekebisha. Yeyote utakayempa kazi, mjaribu kwanza na kipande kidogo, na mwandikiane: kazi gani, lini, malipo kiasi gani.