Nyusi zimefifia siku ya tisa, nirudi azamishe?

SWALI: Shikamoo dada. Nilichorwa tatuu ya nyusi hapa Moshi. Leo ni siku ya tisa. Vigaga vimebanduka na rangi imeondoka navyo, kimebaki kivuli tu. Aliyenichora anasema nirudi kesho azamishe zaidi ili idumu. Nirudi? – Msomaji, Majengo

JIBU: Marahaba. Usirudi kesho, wala wiki ijayo. Rangi ipo. Imefunikwa na ngozi changa ambayo bado ina ukungu, na kufikia wiki ya nne hivi utaanza kuiona tena. Marekebisho ni baada ya wiki 6 hadi 8. Anayekugusa kabla ya hapo anachana kidonda.

Lililonikera ni hilo neno "azamishe". Hapa Arusha nalisikia kila mara, na mara nyingi mteja mwenyewe ndiye anayeomba: "Dada zamisha, sitaki kulipa mara mbili." Wino wa nyusi unakaa chini kidogo tu ya tabaka la juu la ngozi, hata milimita 1 haifiki. Ukiishia juu mno, unabanduka. Ukizama, kweli unadumu, ila si kwa rangi uliyoilipia. Kahawia iliyozama inaonekana ya kijivu au bluu, kama mshipa wa mkononi unavyoonekana wa bluu ilhali damu ni nyekundu. Vinyweleo vilivyochorwa kimoja kimoja vinatanuka na kuungana. Mwezi uliopita nilimkalisha mama mmoja, nikafumba macho, nikapitisha kidole juu ya jicho lake: nyusi yote niliifuata kwa kidole, kama mshono wa gunia.

Hapo ndipo anapotokea fundi wa pili na limau na dawa ya meno, eti anafuta. Limau haliufikii wino. Linaunguza ngozi, na ngozi yetu ikiungua huacha baka jeusi. Hata leza, ule mwanga mkali wa kuvunja wino, si kifutio: wino wenye oksidi ya chuma au titani unaweza kugeuka mweusi papo hapo, ndiyo maana anayejua kazi hujaribu kidoa kwanza.

Mwenye kovu lililovimba pale alipotoga sikio simchori. Mjamzito simchori. Anayepaka mkorogo usoni namrudisha nyumbani, kwa sababu ngozi yake imekuwa nyembamba na wembe wa kuchorea unazama hata mkono ukiwa mwepesi. Wananiita mwenye maringo, sawa tu.

Na huo wembe wenyewe. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, halafu mtu anafuta kwa pamba yenye spiriti na kumwita mteja anayefuata! Wembe ni wa mtu mmoja, ukishatumika unatupwa.

Kwako wewe: osha taratibu kwa maji safi, kausha kwa kugusagusa, kaa mbali na jua kali na mvuke, usikwangue kitu. Ukiona usaha au uvimbe, nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, si uko hapo hapo Moshi? Wiki ya 6 ikifika na bado unataka kuongeza rangi, mwambie fundi afungue pakiti ya wembe mbele yako. Akisema aliifungua asubuhi, beba pochi yako uondoke.