Mbwa na mabaki ya mchuzi
Kaka hayo mabaki ya mchuzi unayompa mbwa wako acha kabisa, mchuzi wetu una vitunguu maji na saumu na hivyo vinaharibu chembe nyekundu za damu yake, hata vikiiva vipi sumu haitoki. Ugali na dagaa ni poa tu, ila dagaa wachemshe bila chumvi na maji ya kwanza umwage. Ukitaka kumzawadia akitii mpe karoti, boga la kuchemsha au kipande kidogo cha ini, visizidi asilimia 10 ya msosi wake wa siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usithubutu, inapasuka inamchoma utumbo. Chokoleti na zabibu pia hapana. Wangu akisikia karoti inakatwa jikoni anaacha hata kubwekea wageni 😂