Nina miaka 34 na nataka kuingia jeshini: mwili wangu utaweza?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ni mhasibu, nimekaa ofisini tangu nimalize chuo. Urefu wangu ni sentimita 174 na uzito kilo 92. Nyayo zangu ni bapa, na utotoni nilikuwa na pumu. Mara ya mwisho kutumia dawa ya kuvuta nilikuwa darasa la tano. Kuwa askari ni ndoto yangu ya tangu zamani, maisha yakanipeleka kwingine, na sasa naona mlango unafungwa. Kwa umri huu mwili unaweza kuhimili mafunzo ya awali? Niitaje pumu kwenye fomu, au ninyamaze kwa kuwa imeshapona? Na rafiki yangu anasema nisihangaike kujiandaa, eti jeshi likipungukiwa watu hulegeza masharti. Nisubiri?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwapima makuruta kabla ya mafunzo na kuwatibu wanapoumia wakiwa mafunzoni, kwa hiyo nitakujibu kwa upande huo.

Tuanze na umri wenyewe. Wengi huuchukulia kama hukumu ya kitabibu, wakati ukomo unaouona kwenye tangazo ni uamuzi wa kiutawala zaidi. Tazama Marekani peke yake: Jeshi la Wanamaji lilipandisha ukomo wa kujiunga hadi miaka 41 mwaka 2022, Jeshi la Anga likafika 42 mwaka 2023, na Marines, askari wa kushambulia kutoka baharini, wakabaki na 28. Legioni ya Kigeni ya Ufaransa hupokea mtu hadi miaka 39 na nusu. Mwili wa binadamu ni uleule kote huko. Kinachotofautiana ni kazi iliyopo, wingi wa vijana wanaojitokeza, na miaka ya utumishi ambayo jeshi linataka kuipata kwako baada ya kugharimia mafunzo. Kwa hiyo ukikataliwa kwa umri, usidhani daktari fulani amethibitisha kuwa umechakaa.

Mwili nao una hesabu zake. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo wa kutumia oksijeni hushuka kwa karibu asilimia 10 kila muongo baada ya miaka 30. Inatisha ukiisoma hivyo, lakini mtu wa kukaa ofisini akifuata mazoezi yaliyopangwa vizuri anaweza kupandisha uwezo huo kwa asilimia 15 ndani ya miezi michache. Muongo mzima ulioupoteza unarudi. Pumzi yako hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba pumzi itarudi mapema kuliko mifupa na kano, na utaiamini.

Mfupa unapopokea mzigo mpya hauanzi kwa kujenga. Kwanza seli maalumu hula sehemu iliyochoka, kazi ya wiki kama tatu hivi, ndipo seli nyingine zije kujaza mfupa mpya, na hizo huchukua miezi. Ni kama fundi anayetoa matofali mabovu kabla ya kuweka mapya, huku wenye nyumba wakiendelea kuishi ndani. Katika kipindi hicho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ulipoanza. Na hapo ndipo kuruta anakuwa amepata pumzi, anajisikia amekomaa, mkufunzi naye anaongeza mwendo na uzito wa shanta. Matokeo yake ni nyufa ndogo kwenye muundi na kwenye mifupa ya unyayo. Si jambo jipya: mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba miguu na kupata maumivu baada ya kutembea masafa marefu, miongo kadhaa kabla picha za eksirei hazijapatikana kuonyesha kwamba ni mfupa uliopata ufa.

Je, umri unazidisha nyufa hizi? Jibu halijanyooka. Utafiti mmoja wa makuruta wa Israel wenye miaka 17 hadi 26 ulionyesha kwamba wadogo zaidi ndio waliovunjika zaidi, kwa kuwa mifupa yao ilikuwa bado haijakomaa. Ukichukua majeraha yote kwa pamoja, misuli na kano zikiwemo, waliovuka miaka 25 huumia zaidi kuliko wenzao wa miaka 18. Lakini kuna dalili ninazozipa uzito kuliko tarehe ya kuzaliwa: anayekimbia polepole siku ya kuripoti, asiyekuwa na mazoea ya mazoezi kabla ya kuja, na mvutaji wa sigara. Wote watatu wana nafasi ya kubadilika kabla ya kufika kambini. Kama unavuta, acha leo. Kwa mifupa yako hilo lina faida kuliko kidonge chochote nitakachokuandikia.

Maandalizi yako basi yalengwe kwenye mifupa na kano, na yachukue muda. Ningependa miezi 9. Miezi miwili ya kwanza tembea kwa kasi karibu kila siku, ukichanganya na vipande vifupi vya kukimbia, mara tatu kwa wiki, bila siku mbili mfululizo za kukimbia. Kila wiki ya nne punguza mzigo kwa karibu theluthi moja, hata kama unajisikia vizuri. Hiyo ndiyo nafasi ya kujaza kile kilicholiwa. Shanta lisubiri hadi uweze kutembea saa moja na nusu bila maumivu, kisha anza na kilo 8 au 10, mara moja kwa wiki, na usikimbie nalo. Ongeza uzito au umbali, kamwe si vyote kwa wiki moja. Inua visigino ukiwa umesimama kwenye ngazi, polepole, maana kano ya kisigino ya mtu wa miaka 34 haipendi kushtukizwa. Pushapu na kuchuchumaa vitakuja vyenyewe; hivyo kila mtu huvifanya na si mahali watu wanapovunjikia.

Cheza pia mchezo wenye kuruka na kugeuka ghafla kama unaweza. Makuruta waliocheza mpira wa kikapu kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia jeshini walionekana kupata nyufa chache kuliko waliokuwa wakikimbia tu, kwa sababu mfupa unaosukumwa kutoka pande nyingi hukomaa pande zote. Huna miaka kadhaa, lakini miezi michache ya kuruka kamba na kucheza mpira ni bora kuliko barabara peke yake.

Jifunze kutofautisha uchovu na jeraha. Maumivu yaliyotapakaa kwenye msuli na kuisha siku mbili baadaye ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi ukiruka kwa mguu mmoja au yanayokuamsha usiku, ni ya kusimama hapohapo na kwenda kupimwa. Na mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito baada ya zoezi kali, nenda hospitali siku hiyohiyo: misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hapa niongeze kitu ambacho hukuuliza. Pima kama unabeba kinasaba cha selimundu. Utafiti wa askari weusi wa jeshi la Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wabebaji hawakufa zaidi ya wenzao, lakini waliathirika zaidi na huko kuvunjika kwa misuli. Kubeba kinasaba hicho peke yake hakukuzuii kuwa askari, ila unahitaji kukijua kabla ya siku ya joto kali na amri ya kukimbia.

Nyayo bapa hazinitishi. Zilikuwa sababu ya kukataa watu kwa vizazi vingi, lakini askari wapya wa miguu wa Marekani walipofuatiliwa, katika utafiti uliochapishwa 1993, wenye nyayo bapa hawakuumia zaidi. Waliopata taabu zaidi walikuwa wenye nyayo zilizopinda sana. Kama zako haziumi na zinajikunja ukisimama kwa vidole, endelea na maisha. Kama ni ngumu, hazijikunji, na zinauma, hiyo ni habari nyingine ya kupeleka kwa mtaalamu wa mifupa.

Uzito ni jambo la kufanyia kazi. Kilo 92 kwa urefu wako ni uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30 na kitu, na majeshi mengi yatakusimamisha hapo au yatakupima kiuno. Punguza nusu kilo kwa wiki, usizidishe. Anayejinyima chakula huku akiongeza mazoezi ndiye mteja wangu mkubwa wa nyufa za mifupa. Na usithubutu kujikausha maji siku chache kabla ya mzani. Kabla ya yote hayo pima shinikizo la damu, sukari na mafuta, na ufanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Mtu anayeanguka ghafla mazoezini akiwa kijana mara nyingi amezaliwa na kasoro ya moyo. Kuanzia karibu miaka 35, sababu kubwa ni mishipa ya moyo iliyoziba. Wewe uko mpakani.

Sasa pumu. Itaje. Ninajua unaogopa, na ninajua wapo watakaokunong'oneza kwamba wao walinyamaza wakapita. Nisikilize mimi niliyewahi kuitwa usiku kwa kuruta asiyepata pumzi, asiye na dawa yake mfukoni kwa sababu alikuwa ameificha kwenye fomu. Mafunzo ya kijeshi ni vumbi, moshi, baridi ya alfajiri, na katika majeshi mengi kuna chumba cha gesi ya machozi ambamo utaamriwa uvue barakoa. Njia za hewa zilizokaa kimya miaka ishirini zinaweza kuamka humo. Zaidi ya hapo, pumu ya utotoni si lazima ikufungie mlango. Marekani, kwa mfano, huangalia kama dalili ziliendelea baada ya kutimiza miaka 13. Yako kwa maelezo yako iliisha kabla ya hapo. Daktari anaweza kukupima kwa kipimo cha kupuliza, kisha akakukimbiza na kukupima tena. Matokeo mazuri ni karatasi inayokutetea. Uongo ukigundulika unakufukuzisha, na rekodi hiyo itakufuata hadi kwenye kazi nyingine za serikali.

Kuhusu kusubiri masharti yalegezwe: rafiki yako hajakosea kwamba hulegezwa. Mwaka 1914, kule Birkenhead, Uingereza, viliundwa vikosi vya wanaume wafupi chini ya sentimita 160, waliokuwa wamekataliwa kwa kimo tu, na wengi wao walikuwa na nguvu za kutosha. Huko ni kurekebisha sharti lisilo na maana, na ninaliunga mkono. Lakini kuna kulegeza kwa aina nyingine. Mwaka 1966 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, alianzisha mpango wa kuwapokea walioshindwa vipimo, vya akili zaidi na kwa kiasi fulani vya afya, ili kujaza majeshi wakati wa vita vya Vietnam. Zaidi ya wanaume 300,000 waliingia kwa njia hiyo hadi 1971. Waliahidiwa ujuzi na maisha mapya. Wengi walipelekwa kwenye mapigano, na waliuawa kwa kiwango kikubwa kuliko askari wengine. Nikifikiria wanaume wale huwa nakasirika hadi leo. Jeshi linapolegeza masharti kwa sababu lina haraka, mtihani unaouruka hauondoki. Unahamishiwa mahali ambapo hakuna daktari wa kukusimamisha. Usisubiri mlango ulegezwe. Jiandae upite ukiwa umesimama.

Na fikiria ni kazi gani unaiomba. Jeshi halina askari wa miguu peke yao: lina ugavi, malipo, mawasiliano, hospitali, karakana. Mhasibu mwenye uzoefu anatafutwa, na majeshi mengine yana njia ya wataalamu kuingia kama maofisa, au jeshi la akiba ambalo ukomo wake wa umri mara nyingi uko juu zaidi. Mafunzo ya awali utayapitia vyovyote vile, ila baada yake magoti yako hayatabeba shanta kila wiki kwa miaka 10. Joshua Chamberlain alikuwa profesa wa miaka 33 alipojiunga na jeshi la Muungano la Marekani mwaka 1862. Alipewa ukuu wa kikosi akaomba nafasi ya chini yake, ajifunze kazi kwanza. Nawe utaanza chini. Koplo wa miaka 22 atakufokea kwa ajili ya kitanda, wenzako watakuita mzee, na hutakiwi kumjibu yeyote kati yao. Kwa nilivyoona, waliovuka miaka 30 hulivumilia hili vizuri kuliko vijana. Kinachowashinda ni mawazo ya nyumbani: mkopo unaoendelea kukatwa, mtoto anayeumwa, mwenzi ambaye hakukubali tangu mwanzo. Yamalize hayo mezani kabla ya kusaini.

Limebaki suala la muda, na wiki hii ndilo la kwanza. Iandikie ofisi ya uandikishaji uulize ukomo wa umri unahesabiwa siku gani: siku ya kuomba, siku ya kula kiapo, au siku ya kuripoti mafunzoni. Omba jibu la maandishi. Ikiwa ni siku ya kuomba, peleka maombi sasa na ujiandae wakati yanashughulikiwa. Ikiwa ni siku ya kuripoti na umebakiwa na miezi minne tu, usiibane ile miezi 9 ndani yake. Elekeza maombi yako jeshi la akiba au njia ya wataalamu. Huku ukisubiri jibu, tafuta faili lako la matibabu la utotoni, na panga miadi ya kipimo cha moyo na cha kupuliza.