Mdogo wako asikalie hicho kiti kabla hajaonana na wakili

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako yuko Marekani, kazini kumepotea hela, mpelelezi kampigia anamwambia njoo tukupime na mashine ya uongo, ukifaulu mambo yameisha, na wewe unauliza kama mahakama za kule zinayakubali hayo majibu. Nakujibu kwa sababu mi ni mkalimani wa Kiswahili huku, miaka kumi na kitu sasa, mahakamani, polisi, hospitali, na kwenye chumba cha poligrafu, yaani hiyo mashine ya uongo, nimeingia mara nne, na mara moja kati ya hizo nne inanisumbua hadi leo.

Jibu lenyewe ni kwamba majibu ya mashine mahakama nyingi za huku haziyapokei. Ila maneno atakayoyatamka akiwa amekaa pale yanapokelewa vizuri tu, na hapo ndo watu wanaponasa.

Hili la kuyakataa majibu ni la zamani sana. 1923, kesi ya James Frye pale Washington, kijana mweusi kashtakiwa kumuua daktari, mwanasaikolojia anaitwa William Marston akampima kwa presha ya damu akasema huyu anasema kweli. Mahakama ikakataa, ikasema kipimo kikiletwa kama ushahidi wa kitaalamu lazima kwanza kiwe kimekubalika kwa wataalamu wa fani yenyewe, na hicho kilikuwa bado. Ile hukumu ilikuja kuongoza ushahidi wa kisayansi wa kila aina kwa miaka mingi. Afu 1998 mahakama ya juu kabisa ikasikiliza kesi ya mwanajeshi wa anga, Scheffer, mkojo wake ulionekana na dawa za kulevya ila poligrafu ikasema hadanganyi, akataka alete yale majibu yamsaidie. Majaji 8 kwa 1 wakasema sheria ya jeshi inayozuia ushahidi wa poligrafu ni halali. Kwahiyo mkuu hata akifaulu, hiyo karatasi anaweza asipate pa kuipeleka.

Kuna sehemu ni tofauti. New Mexico wanapokea kwa masharti, mpimaji awe na uzoefu unaotosha, kila kitu kirekodiwe. Na kuna majimbo yanapokea kama pande zote mbili zilikubaliana kabla ya kipimo, na hapa naomba umwambie asije akasaini kitu kama hicho kwa kujiamini tu kwamba hana hatia. Ohio mwaka 1978 jamaa anaitwa Floyd Fay alisaini hivyo hivyo, kesi ya mauaji, alijua hajaua kwahiyo akaona hana cha kuogopa. Mashine ikasema anadanganya, yale majibu yakaletwa mbele ya juri, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, akafungwa maisha. Alitoka 1980 baada ya wauaji wenyewe kujulikana.

Sasa niwaeleze inavyofanya kazi maana naona kuna wadau humu wanadhani ni kama kipimo cha malaria. Unafungwa mpira wa presha mkononi, mirija miwili, mmoja kifuani mmoja tumboni, ya kupima pumzi, na vibanio vidoleni vya kupima jasho. Basi. Hakuna kinachopima uongo pale, kinapimwa kile mwili unachofanya ukiulizwa swali. Mpimaji anachanganya maswali ya aina mbili, yale ya kesi, ulichukua hela?, na mengine ya kukulinganishia, mfano umewahi kumdanganya mtu anayekuamini? Hesabu yao ni kwamba asiye na hatia atashtuka zaidi kwenye lile la kulinganisha kwa sababu pale kila mtu ana kitu, na mwenye hatia atashtuka zaidi kwenye la kesi. Na kabla ya mashine anakaa na wewe muda mrefu anazungumza, anakuandaa useme hapana kwenye yale ya kulinganisha.

Nilivyoanza nilikuwa naona ni akili kubwa kweli. Hadi siku ya yule mzee.

Nabadilisha mambo madogo madogo asijulikane. Ni mtu wa Kivu huko Kongo, kaishi kambi ya wakimbizi miaka mingi, huku alikuwa anafanya usafi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bangili ya dhahabu ya bibi mmoja ikapotea. Akaitwa polisi apimwe, akakubali palepale, kwao ukiitwa na mkubwa unaenda. Swali la kulinganisha likawa, kabla ya kufika Marekani uliwahi kuchukua kitu kisicho chako? Nikatafsiri. Mzee akanyamaza, afu akaanza kusimulia, wakati wa vita wakikimbia na watoto waling'oa mihogo kwenye shamba la watu, mwenye shamba hawakumjua, na hadi leo anaomba Mungu amfungulie njia ya kumlipa. Mpimaji akanikata akasema namtaka aseme ndiyo au hapana tu. Nikamwambia mzee. Mzee akasema, mwanangu, ndiyo gani sasa, ile ilikuwa njaa.

Wakabadilisha swali mara tatu. Mi nakaa katikati nikiona kabisa hiki kipimo kimeshakufa kabla hata ya kuwashwa, kwa sababu mtu ambaye akisikia neno "iba" anawaza kurudishwa alikotoka na wanawe, swali gani la kulinganisha litamtisha kuliko lile la kesi? Na sauti anayoijibu ni ya kwangu, si ya mpimaji. Nikivuta neno kidogo, nikikohoa, presha yake inapanda.

Walipomaliza mpimaji akazima mashine, akasogeza kiti karibu, akasema kwa upole kabisa chati zako zinaonyesha kuna kitu unaficha, kinachokusumbua ni nini? Mzee akainama, akasema, "Mnisamehe wakubwa kama nimewakosea, mimi nimechoka." Wewe unayesoma Kiswahili unajua hilo neno. Tunalitumia kwa mkwe, kwa mgeni aliyekaa muda mrefu bila chai, kwa mkubwa yeyote aliyekasirika hata kama hujui umemfanya nini. Nikalitafsiri kama lilivyo, ndo kazi yangu, siruhusiwi kuongeza maelezo yangu. Kwenye ripoti ikaandikwa mtuhumiwa ameomba msamaha baada ya kuambiwa amefeli.

Kisheria hilo linaruhusiwa, na ndo maana nasisitiza. Iko kesi ya 1982, Wyrick dhidi ya Fields. Mwanajeshi wa Missouri alishtakiwa ubakaji, akaomba mwenyewe apimwe, akasaini kwamba haki zake anazijua na hataki wakili awepo. Kipimo kikaisha, mpelelezi akamuuliza ni nini kinakusumbua kwenye majibu yako, jamaa akaanza kueleza, na yale maelezo yakatumika kumtia hatiani. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ikasema ni sawa, alichosaini kilifunika na maswali ya baada ya mashine. Yaani chati zinaachwa nje ya mlango wa mahakama, ila ulichosema kwa sababu ya hizo chati kinaingia.

Yule mzee alipata wakili wa kumtetea anayelipwa na serikali, mama mmoja mkali sana, akaidai rekodi yote, akaleta mkalimani mwingine akaandika neno kwa neno pamoja na kile kisa cha mihogo, akaleta na mwanasaikolojia aliyekaa na mzee siku mbili akieleza hali ya mtu aliyepitia yale. Huo ndo ushahidi wa kisaikolojia ninaouheshimu, mtu kamsikiliza mtu, kaandika, na anaweza kuhojiwa kizimbani. Jaji akazuia lile neno la msamaha lisifike kwa juri, na baadaye waendesha mashtaka wakaifuta kesi. Bangili sijui iliishia wapi. Mzee kazi ilikuwa imeshapotea na kanisani watu walikuwa wameshaongea.

Kuna mdau juu huko kaandika eti hizi mashine ziletwe Bongo wapimwe watumishi wote, mafisadi wataisha. Kaka, mwaka 2003 baraza la kitaifa la utafiti la Marekani lilitoa ripoti yenye mfano huu, chukua wafanyakazi 10,000, wapelelezi wa adui wawe 10 tu, ukiweka kipimo kiwe kikali cha kuwanasa 8, utaangusha pamoja nao karibu 1,600 wasio na kosa lolote. Na Aldrich Ames wa CIA, aliyekuwa anawauzia Warusi siri, alipimwa 1986 na 1991 akapita zote mbili, kaja kukamatwa 1994. Sasa hao 1,600 wa kwetu nani atawasikiliza?

Turudi kwa mdogo wako. Kama hajakamatwa, halazimiki kwenda kupimwa, na kukataa kwake kwa kawaida hakuletwi mahakamani kama ushahidi. Kama kakamatwa, aseme kwa maneno yaliyonyooka nataka wakili, asiseme "labda ingekuwa vizuri nikipata wakili", hiyo hawaihesabu. Akishasema hivyo maswali yanatakiwa yasimame, na yeye naye anyamaze, asijaribu kuwaeleza kidogo kidogo ili waone ni mtu mzuri. Kama wakili mwenyewe ndo atasema apimwe, basi iwe kwa mpimaji wa wakili, faragha, majibu yabaki kwa wakili. Na Kiingereza chake hata kama ni kizuri aombe mkalimani wa mahakama, asikubali kutafsiriwa na mfanyakazi mwenzake wala askari anayejua Kiswahili cha safari.

Nitumie PM, ujumbe wa faragha, uniambie jimbo alilopo, usiandike jina lake wala kampuni hapa jukwaani. Nitakuonyesha ofisi ya hao mawakili wa utetezi wanaolipwa na serikali ya huko inapatikanaje. Simu ya mpelelezi asiipokee leo.