Nyinyi Mnaopanda Njegere Malindi, Hebu Tukae Kitako

Msimu huu tena! Nimeletewa picha za njegere zilizopukutisha maua kutoka Ganda, kutoka Kakuyuni, na nyingine za bwana mmoja wa Mambrui ambaye amezijengea kabisa kivuli cha neti kama chumba cha biharusi. Swali ni lile lile la mwaka jana: "Mama, nipulize dawa gani?" Dawa ya joto haijatoka, mwanangu.

Basi naandika mara moja, mkanisome wote: vijana wa atachimenti mliokuja kujifunza kazi, na nyinyi mlioacha kazi Mombasa mkarudi kulima ardhi ya babu. Palizi na nafasi za mistari sigusi. Hayo mnayajua, na mkiyasahau mtaniona nimesimama nyuma yenu.

1. Njegere ni za baridi. Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, alipanda zake Brno, katika bustani ya monasteri, akachapisha matokeo mwaka 1866. Mbegu duara, mbegu za makunyanzi, tatu kwa moja, yote hayo mmeyakariri tangu kidato cha nne. Ila mwalimu hakuwaambia kwamba mmea wenyewe hustawi kwenye nyuzi 13 hadi 18 hivi, na kwamba joto likikaribia 30 maua huanza kuanguka kabla hayajafunga ganda. Sisi hapa kaskazi ikivuma hata usiku watu wanalala na feni. Kwa hiyo msinishindanie aina fupi na ndefu, tamu na ya kawaida, ya kula na ganda lake na ya kumenya. Ni ubishi mzuri ukiwa Nyandarua au miteremko ya Meru. Kwa usawa wa bahari zote zitakupa majani ya kupigia picha. Mwenye agroveti atakuuzia pakiti hata ukimwambia unapanda juu ya mwamba wa Vasco da Gama; kazi yake ni kuuza.

Ukitaka kula njegere, nenda sokoni, zinashuka kutoka bara. Ukitaka kulima jamii hiyo ya mikunde hapa kwetu, kuna mbaazi, kunde na pojo, na hakuna moja kati ya hizo inayoogopa jua.

2. Soma pakiti upande wa nyuma. Mbele kuna picha tu. Nyuma tafuta mambo mawili: siku za kukomaa, na mwinuko ambao aina hiyo imekusudiwa. Siku za kukomaa zilihesabiwa mahali fulani, kwenye joto fulani, na mahali hapo si shambani kwako. Nani kati yenu ameshawahi kuuliza zilihesabiwa wapi? Hakuna. Na mimi sikuuliza, ndiyo maana namba tatu ni ndefu.

3. Mbaazi. Kaeni vizuri.

Mashamba ya jirani zangu yaliingiwa na mnyauko. Mnaujua: mbaazi imesimama vizuri, imeanza kutoa maua, mara upande mmoja unalegea, ukipasua shina unakuta michirizi myeusi ndani. Ugonjwa unatoka udongoni na hukaa humo miaka. Niliogopa sana. Nikasikia kuna mbegu inayostahimili mnyauko, ICEAP 00040, ile inayoitwa pia Mbaazi 2. Nikatafuta, nikaletewa mfuko kutoka bara. Punje kubwa, nyeupe, safi, zile ambazo mama wa kuuza mahamri akiziona anakuuliza bei kabla hajakusalimu. Nikajiona nimefika.

Mvua ya mwaka ilipoanza nikapanda shamba zima. Shamba zima, wanangu, si kona. Mbegu ya mavyaa wangu, zile mbaazi za kienyeji za rangirangi alizokuwa akihifadhi kwenye kibuyu tangu mume wangu hajazaliwa, nilimwambia hatuzihitaji tena. Alinitazama tu, hakusema neno. Tukazipika na nazi, tukala, zikaisha.

Mbaazi zangu mpya zikaota vizuri mno. Kusi likaingia, zikapita kiuno. Zikanipita mimi. Watu walikuja kutazama, na mimi nikawa natembeza wageni kama mwenye jumba la makumbusho. Wanawake wa kikundi wakaniomba mbegu, nikawagawia kwa kibaba. Wapika mbaazi wa sokoni nikawaahidi mzigo kabla ya Ramadhani, na wengine wakanipa kishika uchumba.

Maua, hakuna.

Nikasema labda zimepungukiwa chakula, nikamwaga samadi. Zikaongezeka majani. Nikasema labda wadudu wanakula vitumba, nikapuliza dawa ya vithiripi kwenye mmea usio na kitumba hata kimoja. Hebu fikirieni hiyo hesabu. Nikamshuku jirani kwa sababu mbuzi wake walikuwa wanapita pale mpakani. Mahindi niliyochanganya nazo yakafunikwa kivuli, yakatoka membamba, yakavunwa yalivyo. Kila asubuhi nilikuwa napita mistari nikifunua majani kwa kidole, na nikisikia mtu anakuja ninajifanya napalilia.

Ramadhani ikakaribia. Wapika mbaazi wakaanza kuja nyumbani, mmoja mmoja, wakitaka hela zao. Zile fedha nilikuwa nimezinunulia dawa ya vithiripi.

Mwishowe nikabeba tawi moja mpaka kwa bwana shamba. Kijana mdogo, rika la wanangu. Alilishika, akaligeuza, akauliza, "Mama, hii mbegu ilitoka wapi?" Nikamwambia. Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Akanieleza kwamba watafiti walikwisha kuzipanda mbaazi kwa ngazi za mwinuko, kuanzia Mtwapa karibu na bahari, Kiboko, Katumani mpaka Kabete kwenye baridi, wakaona kila kundi lina joto lake. Zile za muda mrefu wa kukomaa, kama hiyo yangu, hufanya haraka kutoa maua kwenye nyuzi 18 hivi. Zikiwekwa kwenye joto letu zinaendelea kurefuka, maua yanacheleweshwa mno. Za muda wa kati zinavumilia joto zaidi, na za muda mfupi zaidi ya hizo. Mbegu yangu haikuwa na kasoro yoyote. Kule kwenye usiku wa baridi inazaa, na mnyauko kweli inaustahimili. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali pasipo pake, halafu nikawagawia na wenzangu.

Kuwaambia wanawake wa kikundi ndiko kulikoniuma kuliko hasara. Wengine walikuwa wameng'oa muhogo ili wapate nafasi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Mmoja alinikaribisha chai na hakuniambia lolote kuhusu mbaazi, na mpaka leo sijui ni heri angenitukana.

Mbegu ya kienyeji niliipata tena kwa bibi mmoja wa Jilore, bakuli moja, bure, na maneno juu. Mavyaa alipoziona alizichambua kwenye ungo mchana kutwa, akanirudishia nusu. Nusu aliificha. Sikuuliza wapi.

Haya, mafunzo: kwa ukanda wetu chukua aina ya muda wa kati, kama KAT 60/8, au ya muda mfupi, na uweke mstari wa kienyeji pembeni. Aina mpya, yeyote aliyeisifu, anza na kona.

4. Kunde: amua kwanza unataka mboga au punje. Aina za K80 na M66 zinatoa vyote viwili, lakini vyote viwili haimaanishi vyote viwili kwa wingi. Majani unaanza kuchuma kama wiki tatu au nne baada ya kupanda, na kitumba kikitokea unaacha. Mwaka jana nilikuwa na kijana, msikivu, mwenye adabu, aliyechuma majani mpaka maganda yalipoanza kuning'inia, kwa sababu mchuuzi alikuwa anakuja kila Ijumaa na pikipiki. Akavuna punje za kujaza kikombe. Akaniandikia ripoti kwamba "mbegu ilikuwa duni". Nilimrudishia ripoti hiyo na mchicha. Za kienyeji zinazotambaa ndizo bora kwa mboga ya muda mrefu. Zile za kusimama ni za punje, na palizi yake haikuvunji mgongo.

5. Usimwagie kunde urea. Ng'oa mche mmoja taratibu, kata vile vinundu vya mizizini: ndani vikiwa vyekundu, vinafanya kazi ya mbolea bila kukudai.

6. Mbegu ya kujiwekea. Kunde hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, kama njegere, kwa hiyo ukitenga mstari mzuri utapata uliyoipanda. Mbaazi si hivyo. Nyuki wanazipenda, wanabeba chavua kutoka shamba la jirani, na baada ya misimu michache KAT 60/8 yako inakuwa ya ukoo mchanganyiko. Chukua mbegu katikati ya shamba, kwenye miti yenye afya, si ile ya mpakani. Faida pekee ya zile zangu ndefu ni hiyo: kwa kuwa hazikutoa maua, hazikuharibu mbegu ya mtu.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya nyuki, ukilazimika kupuliza, puliza jioni.

7. Fukusi hawazaliwi guniani. Wanataga mayai kwenye maganda yakiwa bado shambani, nyinyi mnawabeba wenyewe mpaka ndani. Vuna mapema yakikauka, usiyaache yapambe shamba. Anika mpaka punje ikiumwa na jino ipasuke, isibonyee. Kisha mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ufunge kila tabaka peke yake. Nasema kila tabaka kwa sababu kuna mtu, simtaji na anajijua, alifunga yote kwa pamoja na kamba ya kiatu, tena punje zikiwa na unyevu. Tulipofungua tulipokewa na ukungu na harufu ambayo paka alikataa kulala stoo.

8. Nilikuwa na la nane kuhusu vidukari, lakini limeshakuwa refu. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka mkunde, geuza majani uangalie chini.

Vuli ikikaribia nitagawa mbegu: KAT 60/8, K80, na kidogo ya kienyeji kwa atakayeahidi kuirudisha maradufu. Kila mtu kibaba kimoja. Mje na vyombo vyenu, maana mabakuli ya msimu uliopita hayajarudi hata moja.