Msiwapangishe watu foleni ya unga

Hilo tangazo la kuwaita wasiojiweza kwenye foleni ya msaada lisisomwe kanisani. Mtafute katibu wa parokia leo hii alitoe kwenye karatasi ya matangazo, hayo maswali mengine yatangoja.

Umeandika kwamba parokia yenu huko Rhonda, Nakuru, imechangiwa mahindi, maharagwe na nguo, na Jumapili baada ya misa ya pili mtawaita wasiojiweza wapange foleni uwanjani, vijana wakipiga picha za kuwatumia wafadhili. Unauliza kila nyumba ipewe gorogoro ngapi, wasio Wakatoliki wahesabiwe au la, barua ya chifu inahitajika au la, na nguo ziwekwe wapi. Mimi nitakuambia habari ya hiyo foleni, maana ndiyo iliyotuumiza hapa Manyatta, Kisumu.

Kwetu alikuja bwana mmoja aliyejiita mshauri wa miradi. Aliketi mbele ya baraza la parokia na kompyuta yake, akasema bila picha hakuna mfadhili, na bila umati hakuna picha. Mwenyekiti wa kina mama alipinga wazi. Hakusikilizwa, kwa kuwa yule bwana alijua kusema. Siku ilipofika uwanja ukajaa, lakini ulijazwa na wenye nguvu za kusimama. Kulikuwa na vijana wazima, na watu waliopanda matatu kutoka mitaa ambayo hatuihudumii. Nyanya anayelea wajukuu peke yake hakuonekana. Hawezi kusimama juani asubuhi nzima, na hata angeweza, asingekubali kuonwa na wanakwaya anaoimba nao. Magunia yaliisha watu wakiwa bado wamejaa langoni. Wakaanza kusukumana, na mama mmoja akaangushwa akiwa na mtoto mgongoni.

Hayo yangesahaulika. Picha ndiyo iliyokaa. Mjane mmoja anayeuza omena alipigwa picha akipokea pakiti ya unga, mtoto wake ameshika ncha ya leso yake. Mshauri akaitupa Facebook na maneno ya kusikitisha chini yake. Ikazunguka kwenye simu za wazazi, na yule mtoto akaanza kuitwa "Unga" shuleni mpaka akagoma kwenda. Kisha muuzaji wa jumla aliyekuwa akimpa mama huyo omena kwa mkopo akaanza kudai pesa taslimu, eti mtu anayeombewa chakula atalipa na nini? Biashara ikafa kwa sababu ya pakiti moja. Yule mama aliirudisha ikiwa haijafunguliwa, akaiweka mezani kwa mwenyekiti wa jumuiya, akaondoka. Kanisani hatujamwona tena.

Mshauri alipoombwa aifute picha, alijibu kwamba mama alikubali kwa kuja. Nikikumbuka jibu hilo bado napandwa na hasira. Mtu mwenye njaa akisimama mahali ulipomwita amekubali chakula, basi. Na mtoto je? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha ikiwemo.

Kwa hiyo shikeni hili: msaada umfuate mtu mlangoni kwake, mtu asiitwe aufuate. Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake walipoanzisha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mjini Paris mwaka 1833, walikwenda majumbani kwa maskini, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi kuu ya wanachama wake. Nasi tuna jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kila ploti, tunashindwaje? Muulizeni mhudumu wa afya wa jamii, huyo huzungukia nyumba kama 100 na anajua wapi jiko halijawashwa. Muulizeni mwenye duka ni nani ameacha kuja kukopa kwa aibu ya deni. Kisha waende watu wawili, jioni, bila sare, na kikapu cha kawaida kama cha mtu anayetoka sokoni. Waketi kwanza, wasalimiane, wasikilize.

Mkishaketi ndipo mtajua cha kupeleka. Tuliwahi kukuta mahindi na maharagwe ya msaada chini ya kitanda, hayajaguswa. Maharagwe makavu hula makaa ya asubuhi nzima, na yule mama hununua makaa ya mkebe mmoja. Alihitaji unga, makaa, na deni lake la dukani lipunguzwe. Mzee wa jirani yake, aliyepita miaka 70, alihitaji mtu wa kumsindikiza kwa naibu wa chifu aulizie Inua Jamii, ile shilingi 2,000 ya serikali kwa wazee kila mwezi. Sasa gorogoro ngapi kwa kila nyumba, nani anaweza kukujibu kutoka uwanjani? Na wasio Wakatoliki wahesabiwe, ni majirani zenu.

Wafadhili watataka hesabu, ni haki yao. Wekeni daftari: namba ya nyumba bila jina, kilichopelekwa, sahihi za wale wawili waliokwenda. Mweka hazina aandike jumla, padre paroko aipitie, itumwe pamoja na risiti. Anayetaka picha apigiwe magunia yakiwa stoo. Akisema hiyo haitoshi, rudisheni pesa yake.